Mtu wa Kushika Upande wa Pili

Waliponipigia simu kutoka bungeni nilidhani ni matapeli. Sauti laini ya mwanamke ikaniambia kuna kamati ya wabunge inachunguza jinsi mahakama zinavyotoa faini na adhabu za kutumikia jamii badala ya kifungo, na waheshimiwa wangependa kumsikia mwathirika. Nikamwambia mwathirika yuko kitandani, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, mkono mmoja umelala kabisa, na jengo lenu lina ngazi kama mnaelekea mbinguni. Kisha akauliza kama ningeweza kwenda mimi kwa niaba yake.

Kwa niaba yake! Siku hizi hata mgongo wake naukuna kwa niaba yake. Nikasema nitakwenda.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, tena fundi wa kutafutwa. Siku hiyo alikuwa anapiga lipu ukuta alioujenga mwenyewe, lori la mchanga likarudi nyuma, dereva hakutazama, likambana pale pale. Dereva hakukimbia, hilo niseme ukweli. Alishuka akakaa chini akalia. Hakimu akamkuta na hatia ya uzembe, akampiga faini, na juu ya faini akampa kazi ya kufagia viwanja vya manispaa kila asubuhi, miezi na miezi. Faini ikaenda serikalini. Kufagia kukaenda manispaa. Kwangu mimi hakikufika hata kijiko.

Sasa nieleze jambo moja, maana ndilo lenyewe. Mtu aliyelala hivyo lazima ageuzwe mara kwa mara, na ukitaka kumtoa nje lazima anyanyuliwe, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Unatandika shuka nzito chini yake, wewe unashika pembe mbili, mwenzako anashika mbili, mnaitana "haya, juu!", mnanyanyua pamoja. Ni kazi rahisi kabisa mkiwa wawili. Mwanzoni nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mpaka alipopata kibarua mbali. Majirani nao walikuja kwa zamu, wakaja, wakaja, wakachoka. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Wifi yangu yupo, lakini miguu imemvimba, akinyanyua shuka tutakuwa na wagonjwa wawili.

Basi nikabaki na akili zangu. Pembe mbili nazifunga kwenye nondo za dirisha, mbili navuta mimi. Anageuka, ndiyo, lakini hanyanyuki, anaburutika. Ngozi ya nyonga ikachanika. Muuguzi wa zahanati alipokuja kukisafisha kile kidonda aliniangalia vibaya. "Mama, acha kumburuta. Kikifika kwenye mfupa, hapo hatutaongea habari za kidonda tena, tutaongea habari za msiba." Nikamuuliza atanipa mtu? Akafunga begi lake.

Na mgongo wangu mimi! Kuna asubuhi naamka natembea nimeinama kama natafuta sindano.

Siku ya kwenda bungeni nilimgeuza, nikamlisha, nikamwachia wifi. Mume wangu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Usiende kulia mbele ya watu."

"Nani analia? Machozi nitayatoa wapi?"

"Na usiniombee pesa."

"Naenda kukuombea mtu wa kushika shuka," nikamwambia. "Pesa haina mikono."

Wifi akacheka huko alikokaa. "Ukirudi na mbunge, mlete mwenye nguvu. Wale wenye vitambi hawapiti mlangoni hapa."

Ukumbi wao ni baridi, sijui wanahifadhi samaki. Waheshimiwa wamekaa nusu duara, kila mmoja na chupa yake ya maji na kipaza sauti chake chenye taa nyekundu. Nikaonyeshwa kiti. Pembeni yangu alikaa ofisa wa idara inayosimamia wale waliohukumiwa kutumikia jamii, mwanamke wa makamo, viatu vimelika visigino upande mmoja, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nyuma yake, ukutani, nikamwona yule dereva. Walimleta kama mfano. Walimvalisha kizibao cha rangi ya machungwa, mle ndani, kwenye zulia, kama vile angefagia muda wowote.

Sikumwangalia. Yeye aliangalia viatu vyake.

Wakaanza kubishana. Mheshimiwa mmoja mnene mwenye sauti ya mahubiri alitaka faini. Faini inaingia hazina, alisema, na mhalifu anasikia uchungu mfukoni. Mheshimiwa mwanamke mwenye miwani akamjia juu: mwenye nacho analipa anaondoka anapiga mluzi, asiye nacho anaishia jela kwa umaskini wake, afadhali ufagio. "Ufagio ni likizo!" akasema mnene. Wakaendelea hivyo juu ya kichwa changu, kama mke na mume wanaogombania rimoti ya televisheni. Mheshimiwa wa tatu alikuwa kwenye simu yake, hana hili wala lile.

Mnene akamgeukia dereva. "Hebu tuambie ukweli. Hiyo kazi ya kufagia inakuumiza?"

Dereva akasimama. "Haiumi, mheshimiwa."

"Mnaona!" akasema mnene, akapiga meza. "Mnaona!"

Dereva alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, ana neno jingine. Hakuna aliyemuuliza. Akakaa.

Ndipo mwenyekiti, mzee mpole mwenye mvi, akaniuliza mimi. "Mama, pole sana kwa yaliyowapata. Je, adhabu aliyopewa huyu imekuridhisha?"

Nilikuwa nimejipanga kwa adabu. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani, ya heshima, ya kushukuru kwanza. Yote yakapotea. "Mheshimiwa, nitaridhikaje na kitu sijakiona? Pesa mlichukua ninyi. Manispaa imepata mfagiaji. Mimi nina mwanaume mzima kitandani, ana kidonda, na kidonda kile ni kwa sababu niko peke yangu. Mnabishana kipi kinamuuma huyu dereva. Mimi kuumia kwake hakunisaidii kumgeuza mume wangu. Nataka mtu wa kushika upande wa pili wa shuka, basi. Kama anatakiwa kutumikia jamii, na sisi tumo humo, au sisi siyo jamii?"

Hata yule wa simu akainua uso.

Mwenyekiti akamwangalia ofisa. Ofisa akabonyeza kitufe chake, akasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara nyingi mahali pengi. Sheria inataka kazi ifanyike mahali pa umma: hospitali, shule, barabara, ofisi za serikali. Nyumbani kwa mtu hairuhusiwi. Ikiruhusiwa, kesho wakubwa watajigawia watumishi wa bure. "Samahani, mama," akamalizia akiniangalia mimi, si wao.

"Hoja ya mama ni nzito sana," akasema mwenyekiti. "Kamati itaifanyia kazi." Taa nyekundu mbele yangu ikazimika. Wakahamia kwenye mengine.

Nilishuka zile ngazi nimeshika kiuno. Chini, dereva akanifuata, kizibao amekivua amekikunja kwapani.

"Mama, shikamoo."

Sikuitikia.

"Mama, mimi kunyanyua naweza. Nilikuwa napakia mizigo kabla sijaanza kuendesha. Niruhusu nije nyumbani."

"Ukome," nikamwambia. "Ukome kabisa. Leo mbele ya waheshimiwa ndiyo umejua tuna nyumba?"

"Nilikuja mara ya kwanza na wazee wangu, mkatufukuza."

Ni kweli. Mume wangu aliwatoa kwa matusi, wazee wa watu na kofia zao mkononi. Nikaondoka.

Kesho yake alfajiri kukabishwa hodi. Nikachungulia, ni yeye. Nikarudi chumbani kumwambia mume wangu, roho juu, nikijua nyumba itawaka moto. Aliangalia dari.

"Kumchukia kunataka nguvu," akasema. "Na kulala hapa kunataka nguvu. Zote mbili kwa pamoja siziwezi tena. Mwambie aingie."

Akaingia, akasalimia akiangalia sakafu. Nikamwonyesha pembe zake. Tukaitana, tukanyanyua. Jamani! Mume wangu alikwenda juu kama hana uzito. Nilisahau kwamba inaweza kuwa rahisi namna ile. Tulimgeuza, tukamsafisha, kisha yule dereva akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, hutaki kukaa nje kidogo?" Tangu mvua za mwanzo mume wangu alikuwa hajaona nje. Tukambeba kwa shuka mpaka barazani, tukamweka kwenye kiti cha kulalia.

Jua likampiga usoni akafumba macho. Alipoyafumbua aliangalia ukuta mpya wa jirani akaanza kulaani. "Nani kapiga lipu hii? Huyu fundi alikuwa amelala? Tazama ule ufa! Tazama!" Nikaenda jikoni nikalia huko, maana nilikuwa nimeahidi kutolia mbele ya watu.

Dereva akawa anakuja kila alfajiri. Hawakuwa marafiki, msinielewe vibaya. Mume wangu alimpa amri tu: inua, shusha, polepole, siyo mchanga huo. Naye aliitikia, "Ndiyo mzee." Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Muuguzi akaniangalia vizuri safari hiyo. Mgongo wangu ukanyooka kiasi, wifi akasema nimeanza kurudi na makalio yangu.

Sikuuliza anawezaje. Nilijua asubuhi zake ni za manispaa. Nilijua mchana mpaka giza yuko gereji anaosha vipuri, maana ana watoto. Nilijua kwetu na manispaa ni mwisho huu na mwisho ule wa mji. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na shuka ilikuwa nyepesi.

Aliyeniuliza ni ofisa. Alikuja mchana mmoja, peke yake, vumbi mpaka magotini, akaomba maji. Akanywa, akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Mama, huyu dereva anafika manispaa jua limeshapanda. Msimamizi wa usafi hamhesabii. Mwenye kuchelewa ni sawa na asiyekuja, ndiyo taratibu. Nimemfunika nilivyoweza. Wiki hii kamati inakuja kukagua, wanataka kuwaona wote kwenye mstari na mafagio. Asipokuwepo, mimi siwezi kumficha tena. Atarudishwa kwa hakimu, na hakimu atamfunga."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Nimemwambia. Amesema atakuja huku vile vile, wamfunge wakitaka." Akasugua macho. "Anakuheshimu wewe. Mwambie wewe."

Nikacheka kicheko kibaya. "Yaani mimi ndiye nimfukuze?"

Ofisa alikuwa amechoka kama mimi. Niliona hivyo, na iliniudhi, kwa sababu nilitaka kumgombeza mtu na sikumpata.

Nilimwambia dereva asubuhi iliyofuata, wakati tunakunja shuka. Nikamwambia asije tena mpaka amalize adhabu. Akatikisa kichwa. "Mama, kule nafagia majani. Yale majani hayajui kama nipo. Hapa najua nimefanya nini."

"Na watoto wako watajua nini wakisikia uko ndani?"

"Nitakuja," akasema, akaondoka.

Siku ya ukaguzi ikafika. Niliamka kabla ya jogoo, nikapiga komeo la mlango, la juu na la chini. Nikasimama nyuma yake nimekanyaga sakafu ya baridi. Akaja kwa wakati wake. "Hodi." Nikanyamaza. "Hodi, mama. Ni mimi."

Chumbani mume wangu akasikia. "Si amekuja? Mfungulie."

Nikabana pumzi.

"Mama," anaita huyu wa nje, "nimekuja mapema leo, tufanye haraka, nitawahi." Uongo mtupu. Hakuna anayewahi.

"Mke wangu!" anaita huyu wa ndani. "Umelala? Mfungulie mtu! Mfungulie, naumia!"

Alikuwa anaumia kweli. Usiku kucha alilalia upande mmoja, nilikuwa namngojea huyo huyo aje tumgeuze, mazoea mabaya. Mkono wangu ulikwenda kwenye komeo. Naapa ulikwenda wenyewe. Ningefungua, mume wangu angenyanyuliwa vizuri siku ile, na huyu angelala mahabusu. Nisipofungua, namburuta tena mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii, juu ya kidonda kilichoanza kupona.

"Nenda ukafagie!" nikapiga kelele kupitia mlango. "Humu hakuna mtu wako! Nenda zako!"

Kisha nikasikia hatua, zikaanza taratibu, halafu zikawa za mtu anayekimbia.

Nikarudi chumbani kwa mume wangu. Nikafunga pembe mbili kwenye nondo, nikavuta. Alikunja uso lakini hakulia, na mimi nilivuta huku namwambia samahani, samahani, samahani, mpaka akasema, "Nyamaza basi, vuta." Shuka ikatoka na damu.

Mchana nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vizuri," akasema. Halafu akageuza uso ukutani, kiasi shingo yake inavyoweza. "Lakini ningefungua, mimi."

Jioni ofisa akaja. Sikuwa na hamu naye. Akakaa pale pale kwenye ngazi, akavua viatu, akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu anayekaribia kulia.

"Unajua manispaa walifanya nini? Walisikia kamati inakuja, wakakodi kampuni ya usafi. Jana wakasafisha kila mahali, hata ukidondosha wali unaokota unakula. Leo watu wangu wamefika na mafagio, hakuna cha kufagia. Waheshimiwa wako getini! Msimamizi akawaambia watu wangu wapande juu ya miti. Wametikisa miti, mama. Watu wazima wametikisa matawi majani yadondoke, wakashuka wakayafagia. Kamati imepiga picha. Yule mnene amesema sasa ameona jasho."

"Na dereva?"

"Alifika anahema, wa mwisho kwenye mstari. Amehesabiwa. Ni yeye aliyetikisa mti mkubwa."

Sikuweza kucheka. Nikawaza mikono ile, nguvu yote ile, iko juu ya mti inaangusha majani mabichi, na mimi huku nafua damu. Nikamwambia hivyo hivyo, sikupunguza. Nikamwambia na kuhusu komeo, na kelele za mume wangu, na shuka. Hakujitetea, wala hakuniambia habari za sheria. Aliniacha nikamaliza, akasimama pekupeku.

"Ameshageuzwa jioni hii?"

"Bado. Nilikuwa najipa moyo kwanza."

Akaweka mkoba wake mezani, akakunja mikono ya blauzi, akapita mbele yangu mpaka chumbani. Mume wangu akamtazama kuanzia miguu mpaka kichwani: mwanamke wa ofisini, kitambulisho kimening'inia shingoni, miguu mitupu, anatafuta pembe za shuka kama aliyezoea.

"Karibu, mama," akamwambia. "Na wewe umehukumiwa kwa kosa gani?"

Macho ya ofisa yakajaa maji.

"Leo tu, mzee," akasema. "Kesho nina kikao." Akainama, akashika upande wake, akaniambia niite.